Saratani ya kwenye filamu haina foleni

Mama mmoja alikuja kliniki na wigi jipya kwenye mkoba, bado limo ndani ya nailoni yake. Binti yake alilinunua Kariakoo wiki ile ile yalipotoka majibu ya kinyama kilichokatwa kwenda kupimwa. Akaliweka juu ya meza yangu, akashusha sauti: "Sista, nywele zitaanza kutoka lini? Nataka nianze kulizoea mapema."

Nikamwambia hazitatoka, na zikipungua zitapungua kidogo tu. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alipangiwa mionzi ya nyonga siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani. Sisplatini ina visa vyake: inatapisha, inasumbua figo, inaacha ganzi vidoleni na mvumo masikioni. Lakini kunyonyoa watu kichwa si kazi yake hasa. Mionzi nayo hung'oa nywele za pale inapopita, na kwake haikupita kichwani. Nilidhani nimempa habari njema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mama mkwe ataamini vipi kwamba naumwa?"

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, hapa Dar es Salaam, mwaka wa 12 huu. Wagonjwa wangu wengi ni kama yeye: wametoka mkoani, wanalala kwa ndugu, na ugonjwa wao ni huo huo wa mlango wa kizazi, unaoongoza kati ya saratani za wanawake Tanzania. (Nimechanganya visa vya watu kadhaa katika makala hii ili asitambulike mtu.) Kila anayekaa kwenye kile kiti amekuja na filamu yake kichwani, hata kama hajui. Upara unatoka kwenye filamu. Kukohoa damu kwenye leso nyeupe kunatoka kwenye filamu. Na yule daktari anayevua miwani, anaegemea dirisha na kusema zimebaki wiki tatu, naye katoka huko huko. Katika miaka yote hii sijamwona daktari akiegemea dirisha. Madirisha yetu yana nyavu za mbu na mafaili yamepangwa mbele yake.

Nisijifanye nimetoka kwingine. Nimekulia Temeke, na kibanda umiza kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Picha ya Kihindi, sauti ya mtafsiri wetu juu yake, na mtafsiri huyo alikuwa akitoa majibu kabla ya maabara: "Hapa jamani dada ana kansa ya damu, haponi huyu!" Tunalia. Mama yangu yeye alianza zamani zaidi, enzi za sinema za mjini, na mpaka leo ukitaja kansa atakutajia Rajesh Khanna katika Anand ya mwaka 1971. Kwenye picha ile Anand ana uvimbe mbaya wa tezi kwenye utumbo, ambao madaktari wa wakati huo waliuita limfosakoma. Anajua atakufa, na anacheka na kila mtu Bombay nzima, hata daktari wake, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anabaki hana la kusema. Naipenda mno. Lakini nikiitazama kwa jicho la kazi najiuliza: utumbo ule hauzibi hata siku moja? Haumsokoti? Hapungui hata shimo moja la mkanda?

Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, aliupa ugonjwa huu jina. Baada ya Love Story ya mwaka 1970 kuliza dunia, akauita ugonjwa wa Ali MacGraw, kwa jina la mwigizaji wa kike wa picha ile. Alisema una dalili moja tu: mgonjwa anazidi kupendeza kadiri kifo kinavyokaribia. Alitania, ila ukihesabu wasichana wote waliougua kwenye tamthilia ulizotazama, za Kikorea, za Kifilipino, hata zetu, utaona wengi wamekufa kwa ugonjwa huo. Saratani ya damu inapendwa na watunzi kwa sababu kwa nje haina kidonda. Unaweza kumlaza binti kwenye shuka jeupe, umpake poda ya kumpausha, na kamera ikamsogelea mpaka puani.

Kwa mgonjwa wangu kamera isingesogea hivyo, na hili nataka nilizungumze polepole kwa sababu hakuna hadithi inayoligusa.

Uvimbe wa mlango wa kizazi ukikua, sehemu yake ya ndani hukosa damu na kufa. Nyama iliyokufa hushambuliwa na bakteria wanaopenda mahali pasipo na hewa, na hao ndio wanaotoa harufu. Mwanamke anaanza kuisikia yeye mwenyewe, kisha mume, kisha abiria wa daladala. Anaanza kufunga khanga mbili, tatu. Anaacha kwenda kwenye kikoba. Anahamia chumba cha watoto, au jikoni. Msibani anakaa upande upepo unakoelekea, mbali na wenzake. Nimewahi kumuuliza mmoja nini kinamuumiza zaidi, nikiwa tayari na fomu ya kupima maumivu kuanzia sifuri hadi kumi. Akasema, "Mjukuu wangu ananiita kwa mbali." Fomu haina namba ya hilo.

Na dawa ipo, tena ya bei ndogo. Tunasaga vidonge vya metronidazo, hivi hivi vya amiba ambavyo wengi mnavyo kabatini, na unga wake unawekwa kwenye kidonda baada ya kusafishwa. Ndani ya siku chache harufu inapungua, na mtu anarudi kukaa sebuleni. (Msijaribu wenyewe bila kuonwa, kidonda kina mambo yake.) Ningekuwa mtunzi wa filamu, hiyo ndiyo ingekuwa sehemu yangu ya machozi: mwanamke anasaga vidonge kwa kijiko nyuma ya mlango, na kesho yake mjukuu anapanda mapajani. Lakini sinema haina pua.

Riwaya imejitahidi kuliko sinema. Kitabu ninachowapa wanafunzi wangu wa uuguzi ni cha Aleksandr Solzhenitsyn, kile kinachojulikana kwa Kiingereza kama Cancer Ward, kilichotoka nje ya Urusi mwaka 1968 kwa sababu nyumbani kilizuiwa. Mwandishi mwenyewe alitibiwa uvimbe wa tumbo kwa mionzi Tashkent mwaka 1954, akiwa uhamishoni baada ya kifungo, na inaonekana: ni kitabu cha mtu aliyekaa kitandani akisikiliza wenzake usiku. Kinaanza na ofisa mmoja wa serikali, Rusanov, ana uvimbe shingoni, naye kinachomchoma kwanza ni kulazwa wodi moja na watu wa kawaida. Wallahi ningeweza kumtaja Rusanov wangu wa wiki iliyopita. Anaingia na simu mbili, anauliza "mkubwa wa hapa nani," na kufika jioni anaazima kandambili kwa mkulima wa kitanda cha pili.

Mle ndani kuna mambo mawili ambayo sijayakuta penginepo. La kwanza ni uyoga. Mgonjwa aitwaye Kostoglotov anawasimulia wenzake kuhusu uyoga unaoota kwenye mti wa mbetula, kwamba wakulima wanaokunywa maji yake hawapati saratani. Wodi nzima inainuka. Watu waliokuwa wamegeukia ukuta wanatafuta karatasi na penseli waandike namna ya kuupika na anwani ya kuagizia. Niliposoma ukurasa ule nilikumbuka mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi wodini, wakati nchi nzima ilipokuwa inakwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Wagonjwa waliokuwa hawawezi kufika chooni walipata nguvu ya kuulizia nauli. Solzhenitsyn hawacheki watu wake, wala hasemi uyoga unaponya. Anaonyesha tu kwamba mtu akiambiwa kuna kitu anachoweza kufanya kwa mikono yake mwenyewe, uso wake unabadilika. Kuna wenzangu wanaowagombeza wagonjwa kwa sababu ya mitishamba, nami ningewashauri wasome ukurasa ule kabla ya kufungua mdomo.

La pili ni unyumba. Kostoglotov anaendelea vizuri na mionzi, halafu madaktari wanamwongezea sindano za homoni bila kumweleza kwamba zitamwondolea nguvu za kiume. Muuguzi kijana ndiye anayemwambia. Sasa anabaki na hesabu isiyo na jibu zuri: aishi, sawa, aishi kama nani? Wagonjwa wangu wana hesabu hiyo hiyo. Mionzi ya nyonga husimamisha mayai, kwa hiyo mwanamke wa miaka 34 anaingia ukomo wa hedhi ndani ya miezi michache. Uke hukauka na kubana, na bila mazoezi ya kuupanua, kwa kifaa au kwa tendo lenyewe baada ya kupona vidonda, unaweza kufunga. Juu ya hayo, mume ameshaambiwa kijiweni kwamba saratani inaambukiza. Haiambukizi. Kirusi cha HPV kinachoianzisha ndicho kinachopitia tendo la ndoa, na watu wazima wengi wamewahi kukutana nacho bila kujua. Ndoa nyingi ninazoziona zikifa, zinafia hapo, kwenye sentensi moja ambayo hakuna aliyeitamka kliniki kwa aibu. Kwenye filamu mume anashika mkono wa mkewe mpaka mwisho. Wangu wengine nao wanashika, nisiwaonee. Wengine wanaleta uji asubuhi, kisha wanakwenda kuoa.

Nimesema foleni, na sijaifikia.

Kama ningeulizwa saratani ni nini kwa anayeishi nayo, ningesema ni kusubiri. Unasubiri kuonwa, unasubiri kukatwa kinyama, unasubiri majibu wiki mbili, tatu. Unasubiri siku ya kupangwa, unasubiri mashine iliyosimama kwa matengenezo. Ukianza mionzi unakaa saa nne benchini kwa ajili ya dakika chache mezani. Kisha unarudi Mbagala kwa shemeji, ambako ni wiki ya sita sasa umelala kwenye godoro la watoto na umeanza kuosha vyombo usiombwe. Mtunzi wa filamu akifika hapo anakata, tunaona mgonjwa amekonda, basi. Lakini ndani ya kile alichokikata ndimo watu wanamofahamiana. Mabenchi yetu yana mapishi, ugomvi wa viti, mikopo, sala, na mama mmoja wa Tunduru aliyewasuka wenzake nywele zote ambazo hazikutoka.

Mtu mmoja aliiacha foleni ndani ya picha yake. Akira Kurosawa wa Japani, mwaka 1952, katika Ikiru, neno ambalo maana yake ni kuishi. Watanabe ni karani mkuu katika ofisi ya jiji, kazi yake ni kugonga mihuri. Mwanzoni tunaona akina mama wanalalamikia maji machafu mtaani kwao, wanasukumwa kutoka dirisha hili hadi lile, ofisi moja hadi nyingine, mpaka wanarudishwa walikoanzia. Hujatazama filamu, umetazama Jumatatu yako. Kisha yeye mwenyewe anaketi benchi la hospitali kwa sababu ya tumbo. Mgonjwa wa pembeni anamnong'oneza: wakikwambia ni kidonda kidogo cha tumbo, hakuna haja ya upasuaji, ule unachopenda, basi ujue ni saratani. Anaingia kwa daktari. Daktari anamwambia hayo hayo, karibu neno kwa neno.

Nimelazimika kusimamisha hapo kila mara, maana ni kwetu. "Sista, mama asijue." Naambiwa hivyo mlangoni, na kaka mkubwa, akiwa amebeba chai ya mama. Wanataka niseme ni uvimbe wa kawaida, au vidonda vya tumbo. Sina haraka ya kuwahukumu. Wanaogopa neno lenyewe litamuua kabla ya ugonjwa, na hofu hiyo wameipata kwenye hadithi ambamo mtu akishatajiwa tu anaanguka. Ninachofanya ni kumuuliza mama mwenyewe, mbele yao, kama angependa kuelezwa yeye au nimweleze mwanawe. Wachache husema mwambieni mwanangu, na nitaheshimu. Lakini sihesabu tena mara ambazo mama amemtazama mwanawe kwa huruma, akasema, "Hebu mtulie. Mimi mwenyewe nilijua tangu Ifakara. Nilinyamaza msije mkaogopa." Benchi limeshamwambia. Benchi linajua kila kitu, kama lile la Watanabe.

Na Watanabe anafanya nini na miezi yake? Anaingia kwenye foleni. Anapeleka ombi la wale akina mama, la kugeuza dimbwi lile uwanja wa watoto, dirisha kwa dirisha, anasubiri kwenye korido, anainama, kesho anarudi. Sijui hadithi nyingine ya saratani ambayo shujaa wake anashinda kwa kusubiri.

Neno shujaa nalo lina mashaka. Susan Sontag, Mmarekani aliyekuwa ameugua saratani ya matiti, aliandika mwaka 1978 kwamba lugha ya vita inamdhulumu mgonjwa, kwa sababu asiyepona anaonekana hakupigana vya kutosha. Mabango yetu ya Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, yamejaa mapambano na mashujaa, na wapo wanaopata nguvu humo, siwanyang'anyi. Ila lugha yetu ina kitu ambacho sijakiona kwenye mabango: kuugua kuna mwenzake, kuuguza. Kitenzi kizima kwa ajili ya yule aliyekaa pembeni. Tunasema "namuuguza mama," na kila mtu anaelewa kwamba na huyu yuko ndani ya ugonjwa. Watunzi wamemwona anayeugua. Anayeuguza wanampa chupa ya chai na sentensi mbili.

Juu ya watoto nipite haraka: filamu huwaua karibu wote, na mzazi aliyeziona anaweza kukata tamaa na kumtorosha mtoto wodini. Uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958 ni miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa kuponywa kwa dawa peke yake. Malizeni dozi.

Mofini ina jina baya kwa sababu hizo hizo. Kwenye picha ikitajwa mofini, muziki unashuka na ndugu wanaitwa. Yangu ni ya maji, kwenye chupa, chungu. Mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, na ya kulalia tunaipandisha mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane. Naambatanisha na dawa ya kulainisha choo, maana mofini inafunga tumbo, na hakuna filamu duniani itakayokuonyesha hilo. Nina mwanamke aliyeinywa zaidi ya mwaka huku akiuza vitumbua. Alikuwa anapima dozi yake kwa mlio wa simu, anageuza vitumbua, anameza, anaendelea.

Mara moja tu nimemwona muuguzi kama ninavyomfahamu. Ni katika Wit, tamthilia ya Margaret Edson iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1999 na kufanywa filamu mwaka 2001. Edson aliwahi kufanya kazi za ukarani katika wodi ya saratani, yaani alikuwa upande wa mafaili. Profesa wa ushairi ana saratani ya vifuko vya mayai, hatua ya nne, anapewa dawa kali mizunguko minane, na madaktari wanamtazama kama jedwali. Usiku mmoja hana usingizi, analia. Muuguzi, Susie, analeta barafu ya kijiti, anaivunja mara mbili, wanakula pamoja, na hapo hapo wanazungumza kama profesa angetaka ashtuliwe moyo ukisimama. Barafu inayeyuka, hivyo hawawezi kuchelewa. Nimejifunza mengi vyuoni kuhusu namna ya kutoa habari mbaya, lakini tangu siku ile huwa sianzi kabla ya kutafuta kitu cha kula pamoja. Mara nyingi ni muhogo wa getini.

Mama wa wigi alimaliza mionzi yake. Hatuna kengele, ile ambayo wagonjwa wa Marekani huigonga siku ya mwisho, desturi iliyoanzia Houston mwaka 1996. Alipewa karatasi ya kurudi baada ya wiki sita, halafu kila baada ya miezi mitatu, na nadhani ni afadhali hivyo, maana kengele ingemdanganya kwamba amemaliza kusubiri. Wigi lilivaliwa na binti yake kwenye sendofu, na likampendeza.

Alirudi juzi. Nilimkuta benchini, namba yake 61, mguu juu ya mguu, anatazama tamthilia kwenye runinga ya ukutani. Msichana alikuwa amezimia bustanini, na sekunde ya pili yuko kitandani, daktari keshashika majibu mkononi. Mama akamgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Huyo faili kafungua saa ngapi?"